Ubeti Mmoja na Kidogo kwa Siku

Kijana anayeanza kuandika au kuchora hapa kwetu hukutana na wahubiri wawili. Wa kwanza humwambia asubiri: kipaji hakilazimishwi, ilhamu itakuja yenyewe, hata iwe saa nane za usiku. Wa pili humwambia aamke saa kumi alfajiri na ajinyime usingizi, maana asiyefanikiwa hakujituma. Kila mmoja ana lake la kweli. Lakini ipo namna nyingine ya kuishi na sanaa, ya kimyakimya, ya kurudi kwenye kazi kidogo kidogo kila siku, ambayo watu wameichanganya na kelele za mhubiri wa pili mpaka ikachukiwa pamoja nazo. Hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea.

Shaaban Robert tunamjua kwa ushairi. Ukarani wake tunausahau. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, kijana wa miaka 17, akabaki huko hadi 1944. Miaka 18 ya ushuru na makaratasi! Baada ya hapo ilifuata idara ya wanyamapori, kisha ofisi za serikali mjini Tanga. Ndani ya maisha hayo ya kuripoti kazini na kuhamishwa vituo ndimo yalimotoka mashairi, insha, riwaya ya Kusadikika na wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, ambazo baadaye zilikusanywa zikawa kitabu, zinaanzia 1931 na kuishia 1958.

Kuna hesabu moja ambayo imenikaa kichwani kwa muda mrefu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Kuu ya Pili, una beti zipatazo 3,000. Vita yenyewe ilidumu miaka sita, yaani siku 2,190 hivi. Gawanya. Unapata ubeti mmoja na kidogo kwa siku. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani (yaani silabi) nane, kwa hiyo jumla ni mizani 32. Basi kwa siku ni kama mizani 44, ambazo ni chache kuliko ujumbe wa simu tunaomtumia rafiki kumwambia tumechelewa. Sidai kwamba marehemu aliketi kila jioni akatunga ubeti wake akalala; huenda wiki moja alitunga mia na mwezi mzima asiguse kalamu. Ninachosema ni kwamba jengo tunalolitazama kwa hofu, ukilivunjavunja, ni matofali ambayo mtu mwenye kazi, familia na misiba anaweza kuyabeba.

Ila uzito wa kila tofali tusiudharau. Kwa kanuni ya utenzi, vipande vitatu vya mwanzo hukubaliana kwa kina chao, yaani sauti ya mwisho, na cha nne hushika kina cha bahari, sauti moja inayopita katika utenzi wote. Anayefuata kanuni hiyo kwa beti 3,000 anatakiwa arudi kwenye sauti ileile mara 3,000, kila mara na neno linalofaa mahali pake. Kazi hiyo haimalizwi na ilhamu ya usiku mmoja. Inamtaka mtu aliyezoea kurudi.

Wanaopinga sifa hizi za uvumilivu wana hoja nzito. Wanasema kila tunapomsifu msanii mstahimilivu tunampunguzia mwajiri, mchapishaji na serikali deni lao. Mfano wao mzuri ni mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Kisa hicho kinasimuliwa kama ushindi wa nia, na ni ushindi kweli. Lakini mtu asiniambie kwamba seli ilimsaidia. Ilimwibia mwaka wa maisha yake, na angeandika vizuri tu mezani kwake. Katika hili nipo upande wao kabisa.

Wana hoja nyingine, kwamba kazi ya kila siku huua uhai wa sanaa. Hapo hutajwa Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya na mtumishi wa Posta ya Uingereza, aliyekaa mezani saa kumi na moja na nusu asubuhi, saa ikiwa mbele yake, akijitoza maneno 250 kila robo saa. Alimaliza riwaya 47. Alipoyaeleza hayo katika tawasifu iliyotoka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, wahakiki wengi walimshusha hadhi: mtu wa saa na hesabu, si msanii. Riwaya zilikuwa zilezile walizozifurahia. Kilichobadilika ni kwamba sasa walijua zilivyopikwa.

Hukumu ile naiona si ya haki, na naona tunairudia. Tunadhani ratiba ni pingu, ilhali kwa wengi ni huruma. Anayesubiri usiku wa ilhamu huweka kila kitu katika usiku huo. Usiku huo ukimwangusha, ameanguka yeye. Mwenye ubeti mmoja kwa siku akiharibu leo, ameharibu ubeti mmoja. Mimi huandika baina ya swala ya alfajiri na kuamka kwa watoto, na siku nyingi napata aya moja tu, nyingine mbovu. Aya mbovu inarekebishika kesho. Ninachokikosa nikiacha kwa wiki mbili si aya, ni ujasiri wa kulifungua daftari.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya kumi kati ya 1987 na 2020, sehemu kubwa ya miaka hiyo akifundisha Chuo Kikuu cha Kent. Ni riwaya moja kwa kila miaka mitatu na ushei. Tuzo ya Nobel ilikuja 2021. Katika mwendo huo sioni ule ushujaa wa kukesha ambao mhubiri wa pili anauuza. Naona mtu anayerudi kwenye kazi yake.

Nakubali kwamba kurudi mezani hakumpi mtu mchapishaji. Shaaban Robert alihangaika sana na uchapaji, na vitabu vyake kadhaa havikuonekana akiwa hai. Nidhamu yake ilifika hadi mwisho wa mswada, na kuanzia hapo lilikuwa jukumu la wengine, ambao walichelewa. Vita ilikwisha 1945. Yeye alifariki Juni 1962. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa 1967, mwenyewe akiwa na miaka mitano kaburini, na beti zake zote zilikuwepo.