Frisonne wa kilo 600, na majani ya mgongoni

Juzi kule Walungu, Kivu Kusini, nilimsikia bwana mmoja akimshauri mama mjane: "Ukinunua ng'ombe wa kienyeji unatupa pesa yako. Tafuta Frisonne, yule ng'ombe mkubwa wa maziwa wa Ulaya, utakamua lita ishirini kwa siku." Watu wakaitikia. Mimi nilikasirika, na hasira haijaisha, kwa sababu shamba la mama yule ni kipande cha mteremko: mihogo, maharage, migomba michache, na majani ya kandokando ya mtaro.

Tupige hesabu. Ng'ombe anakula kwa siku majani mabichi yanayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Frisonne mzima ana kilo 600 hivi, kwa hiyo anataka kilo 60 kila siku, hata Noeli. Jersey, ng'ombe mwingine wa maziwa wa Ulaya, ana kilo 400 hivi, na ng'ombe wetu wadogo wa kienyeji wengi hawafiki hapo. Sasa, nani anayakata hayo majani? Huku Bushi, kwetu Wabashi, sote tunamjua. Ni mama, mzigo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, anapanda kilima katika matope. Kilo 60 ni safari mbili, pengine tatu. Akichoka anatumwa binti, na binti huyo siku hiyo hasomi. Mwezi wa sita mvua ikikatika, matete yanakauka, wanaanza kugombania majani ya viazi vitamu na vigogo vya migomba. Frisonne akipata nusu shibe, nyonga zinatokeza, maziwa yanapungua, na mimba hashiki. Lita ishirini zitatoka wapi?

Sawa, mwenye malisho mapana kule Masisi, au mwenye gari la kumletea machicha ya bia hapa Bukavu, afuge Frisonne. Simkatazi.

Kupe nao wapo. Ndigana kali, ile homa inayovimbisha tezi chini ya sikio, ng'ombe wa kienyeji anaivumilia kuliko wa Ulaya.

Ningekuwa mimi, ningechukua mtamba wa kienyeji mwenye afya, nimpandishe kwa mbegu ya Jersey. Maziwa ya Jersey yana mafuta karibu asilimia 5, ya Frisonne hayafiki 4. Anayetengeneza mashanza, yale maziwa yetu ya mgando, anajua faida yake. Tena ndama wa Jersey ni mdogo, anatoka bila shida. Msimpandishie mtamba mdogo dume kubwa, nawaomba. Nimeona ndama akivutwa kwa kamba na wanaume wanne usiku, na mama yake hakusimama tena.

Na ninyi mnaopita vijijini kugawa mitamba ya msaada, pimeni kwanza malisho ya mtu kabla ya kumshushia mnyama. Ulizeni nani atakata majani, mwiteni na yeye mkutanoni. Mkileta mbegu, leteni na ya Jersey.