Homoni ziko normal ila chunusi haziishi: upime kwanza au umeze kwanza?

Kuna ubishi nakutana nao kila mara kwa wadada wenye chunusi za ukubwani, zile za kidevuni na kwenye taya zinazovimba siku chache kabla ya hedhi. Wengine wanasema usimeze kidonge chochote mpaka upime homoni, wengine wanasema vipimo ni kuliwa hela tu, anza vidonge vya majira utaniambia. Mimi naona kila upande una hoja ya kweli, shida ni kwamba wote wanaichukulia karatasi ya maabara kama ndo hakimu wa dawa, na sivyo.

Kwamba homoni zinahusika hilo halina mjadala. Mwaka 1941 mtafiti wa Marekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuwa na chunusi, ila wakipewa testosteroni, yaani homoni ya kiume, zinaweza kutoka. Wanawake nao wanayo testosteroni, kidogo tu. Lakini kuhusika ni jambo moja na kuzidi kwenye damu ni jambo jingine kabisa. Wanawake wengi wenye chunusi wakipimwa wanakutwa wako ndani ya kiwango, maana kazi yenyewe inafanyikia kwenye ngozi, tezi ya mafuta ina kimeng'enya chake kinachoigeuza testosteroni kuwa DHT, homoni ya kiume ambayo ni kali zaidi, halafu tezi za mtu mmoja zinaweza kuitikia sana kuliko za mwenzie hata kama damu zao zinasoma sawa. Kwahiyo majibu normal hayana maana kwamba homoni hazipo kwenye hii kesi, na hayana maana kwamba dawa ya homoni haitakusaidia.

Alafu kuna ubora wa kipimo chenyewe. Binti mmoja jirani yetu alinionyesha karatasi yake, mstari mmoja tu, testosteroni ya jumla, pembeni imeandikwa N, damu imetolewa jioni na yuko kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Akaambiwa homoni zako hazina shida, kapake krimu. Iliniuma sana. Sehemu kubwa ya testosteroni kwenye damu imeshikwa na protini inaitwa SHBG na ikishikwa haifanyi kazi, inayofanya kazi ni ile iliyo huru, sasa bila kuijua SHBG huo mstari mmoja unaweza kukudanganya. Kipimo kinachoeleweka kinachukuliwa asubuhi, siku za mwanzo za mzunguko, na usiwe kwenye uzazi wa mpango wa homoni. Na hakuna hata aliyemuuliza kuhusu hiyo sindano, ambayo haina estrojeni na baadhi ya wanawake inawaletea chunusi.

Ila wanaotetea vipimo siwezi kuwapuuza hata kidogo. Kama hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota, nywele za utosini zinapungua, au unatafuta mtoto hupati, hapo chunusi ni dalili ya kitu kingine, mara nyingi PCOS, shida ya homoni inayovuruga kazi ya ovari, ambayo inaongeza hatari ya kisukari, au mara chache shida ya tezi za juu ya figo inayoonekana kwa kipimo cha 17-OHP. Sauti ikianza kuwa nzito ghafla hiyo ni ya kuwahi hospitali, sio ya kusubiri. Na hapa mpangilio una maana kweli, kwa sababu ukishaanza majira estrojeni inapandisha SHBG na ovari zinapunguza uzalishaji, testosteroni huru inashuka, yaani ukipima ukiwa umeshameza unaona namba nzuri wakati tatizo limefunikwa tu, itabidi uache kama miezi mitatu ndo urudie. Kwahiyo mwenye hizo dalili apime kwanza, hapo sibishani na mtu.

Asiye nazo? Mimi nipo upande wa kutibu. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya dawa, yalikusanya majaribio 31 na kwa ujumla vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, vilipunguza chunusi. Spironolaktoni, dawa ya zamani ya presha na moyo inayozuia androjeni (homoni za kiume kama testosteroni) isishike kwenye vipokezi vyake, ilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 410, majibu yakatoka 2023 kwenye jarida la BMJ, wiki ya 24 waliosema wamepata nafuu walikuwa 82% dhidi ya 63% waliopewa kidonge kisicho na dawa. Na hao hawakuchaguliwa kwa sababu homoni zao zimezidi. Angalia pia muda, wiki ya 12 tofauti ilikuwa ndogo sana, 72% kwa 68%, ndo maana wengi wanaacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi, na kwa ngozi zetu nyeusi kila chunusi mpya inaacha doa la miezi kwahiyo hata dawa ikishaanza kufanya kazi uso bado unaonekana vilevile.

Isotretinoini, dawa nyingine ya chunusi, ni habari nyingine, yenyewe inasinyaza tezi ya mafuta moja kwa moja, haihitaji kupitia homoni, ila inaharibu mtoto tumboni vibaya mno na haina nafasi kabisa kwa mwenye mimba au anayeweza kuipata bila kinga. Spironolaktoni nayo usimeze ukiwa mjamzito.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba watu wanabishana kuhusu kipimo cha homoni cha hela nyingi wakati majira yanauzwa dukani bila mtu kupimwa presha. Damu kuganda kwa wasiotumia vidonge ni kama wanawake 2 kati ya 10,000 kwa mwaka, kwa wanaotumia ni 5 mpaka 12 kutegemea aina, hatari ni ndogo ila sio ya kila mtu sawa. Presha ya juu, kipandauso kinachoanza na mwanga machoni, sigara ukiwa umevuka 35, historia ya damu kuganda, yeyote kati ya hao hatakiwi kupewa vidonge vyenye estrojeni. Na anayetumia rifampisini ya TB aambiwe kwamba inapunguza nguvu ya hivyo vidonge, asije akajikuta ana mimba huku anajua amejikinga.