Mwenye Basi Asijifiche Nyuma ya Kadari

Basi limefeli breki mteremkoni, watu wamekufa, na kabla maiti hazijatambuliwa mtu keshaandika: "Imeandikwa, tusimlaumu mtu." Tena hujiona ana imani kutushinda sote! Hoja hiyo ina wenyewe. Katika sura ya Al-An'am ya Kurani, aya ya 148, wanaoitoa ni washirikina: lau Mungu angetaka, tusingeshirikisha. Wakajibiwa kwamba wanafuata dhana tu. Hongera, ndugu, kwa wenzako uliowachagua.

Anayetaka ulazima wa kweli akamsome Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037. Kwake, kila kisichokuwa Mungu ni mumkini: kwa dhati yake chaweza kuwepo au kutokuwepo. Hakitokei mpaka sababu zake zitimie, na zikitimia hakina budi kutokea. Haya, tuzihesabu: breki zilizolika, tajiri aliyeahirisha kuzibadilisha, dereva aliyeshuka kwa gia kubwa akikanyaga breki mfululizo mpaka zikapata moto, mkaguzi aliyegonga muhuri bila hata kuinama uvunguni. Ikikosekana moja, ulazima ule haujatimia. Umepita mikononi mwa watu hao hao! Mtasema hata uamuzi wa tajiri una sababu zake, na mnyororo unaishia kwa Mungu. Naam, na Ibn Sina halikwepi hilo. Ila anasema tishio la adhabu nalo ni miongoni mwa sababu, limo ndani ya mpango wenyewe. Ukilifuta kwa jina la kadari, umeiondoa sababu iliyokuwa imzuie tajiri wa kesho.

Mwingine atasema: "Sisi wa pwani ni Waashari, wafuasi wa mwanatheolojia Al-Ash'ari, wanafalsafa hawatuhusu." Sawa. Al-Ash'ari anasema Mungu huumba tendo, mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake. Uchumaji wenyewe mwembamba mno, na Muutazila, wapinzani wao walioshikilia kuwa mja huumba matendo yake mwenyewe, hawakulalamika bure. Hilo nalikubali shingo upande. Lakini mchumaji bado anaulizwa.

Khalifa Umar naye, mwaka wa 17 au 18 Hijria, aligeuza msafara mahali paitwapo Sargh asiingie Sham penye tauni. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Gereji nayo imo humo.

Aya ya 22 ya Al-Hadid, kwamba hakuna msiba ila umekwisha andikwa, wasomewe wafiwa. Inayofuata inasema ni ili wasihuzunike. Tajiri asomewe ya 92 ya An-Nisaa, yenye diya (fidia kwa wafiwa) na kafara kwa aliyeua bila kukusudia.