Imani wodini: nani aliyeialika?

Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo waliotupa ARV, dawa za kufubaza VVU, wakiamini wamepona. Daktari aliyewapokea baadaye wakiwa taabani ana haki ya kusema dini ibaki kanisani na msikitini.

Sayansi nayo haikuipa maombi ushahidi uliotarajiwa. Utafiti wa Herbert Benson, uliochapishwa Marekani mwaka 2006, ulifuatilia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Walioambiwa kwamba wanaombewa ndio waliopata matatizo zaidi: asilimia 59, dhidi ya 52 ya walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa. (Kumpima Mungu kwa asilimia kunanichekesha kidogo, lakini waliodai maombi ni dawa walijitakia.)

Hata hivyo, kunyamazia imani nako kuna gharama. Mchukue mama wa kisukari anayechoma insulini. Ramadhani imeingia, daktari hajamuuliza kitu, naye hataki kugombezwa, basi anafunga kimyakimya. Anachoma dozi ileile ya asubuhi bila kula. Ikifika alasiri anatetemeka, jasho linamtoka, sukari imeshuka. Angeulizwa wiki chache kabla, dozi ingepangwa upya kufuata futari na daku, au angeelezwa kwamba kwa hali yake swaumu ni hatari na dini yenyewe inamruhusu kula. Swali moja tu. Kwangu mimi hilo ni sehemu ya tiba, sawa na kuuliza kama ana mzio wa dawa.

Kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, uzito unaongezeka. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa aina hiyo) ya St Christopher's, London, mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya roho huambatana na ya mwili. Shirika la Afya Duniani nalo linaitaja huduma ya kiroho ndani ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Mofini, dawa ya maumivu makali, haimjibu anayeuliza kama Mungu amemwacha.

Ila anayejibu awe nani? Kuna wahubiri wanaopita kitanda hadi kitanda na sauti za mkutano wa hadhara, na mgonjwa mwenye dripu mkononi hana pa kukimbilia. Hao nisingewaruhusu. Shekhe au padri aje akiitwa na mgonjwa mwenyewe, ajulikane kwa muuguzi wa zamu, na suala la dawa asiliguse kabisa.