Farasi mchanga: ratiba moja kwa wote, au kila mmoja kwa tabia yake?

Wanaotetea ratiba moja wana hoja. Farasi mchanga hupita mikononi mwa wengi: mlezi, mkufunzi, mpandaji wa kwanza, mnunuzi. Akifundishwa kwa hatua zinazojulikana, yaani kuongozwa kwa kamba, kuinua miguu, kuzunguka duara, tandiko, ndipo mpandaji, yeyote atakayempokea anajua alipofikia. Tena wanachelea, na si bure, kwamba "ndiyo tabia yake" itakuwa kisingizio cha kumwacha amsukume mtu kwa bega.

Ila kufuata tabia hakuvurugi hatua hizo. Kinachobadilika ni uzito wa shinikizo, muda wa somo na mahali pa kukomea. Chukua mkanda wa tumbo wa tandiko. Farasi mwepesi wa kushtuka hufungwa tundu moja, akatembezwa kidogo, akasimamishwa, ndipo la pili. Ukikaza kwa mkupuo mmoja, hukunja mgongo na kuruka, na tangu hapo tandiko lenyewe humtia hofu. Mzito, kinyume chake, ukimbembeleza hivyo kila siku huzubaa. Yeye anataka ishara fupi iliyo wazi, na kamba ilegezwe papo hapo anapoitika. Kulegeza ndiko kunakofundisha. Ukichelewa sekunde mbili tatu, umemtuza kwa jambo jingine kabisa.

Anayeonewa zaidi na ratiba moja ni farasi mkimya. Mwoga wa wazi hujionyesha: kichwa juu, weupe wa jicho, mkia unaopigapiga. Lakini yuko anayeganda. Husimama tuli, midomo imebana, shingo ngumu, jicho halifuati kitu. Ratiba humhesabu mtulivu na kumsogeza mbele, na siku mpandaji anapoketi, hulipuka, watu wakasema hakuna sababu. Sababu ilikuwapo tangu tandiko la kwanza, haikutazamwa. Kumjua si kazi kubwa: mwombe asogee hatua moja pembeni. Aliyetulia kweli husogea kwa ulaini. Aliyeganda hang'oki, au hutoka kwa kishindo. Huyo mrudishe hatua moja nyuma, fupisha somo hadi dakika 10, na usiendelee mpaka apepese macho, ashushe kichwa na kupumua kwa kina.

Kabla ya kumbandika farasi jina la mkaidi, chunguza kinywa na mgongo. Kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu hubadilisha meno ya mbele, na yapo ya nyuma yanayobadilika wakati huohuo. Kutupa kichwa lijamu, kile chuma cha kinywani, linapovutwa huenda ni maumivu tu. Hapo hata mkufunzi bora atakuwa anarekebisha tabia isiyokuwapo.

Ile hofu ya mikono mingi nayo inatibika kwa daftari la bandani: hatua aliyofikia, kinachomshtua, upande anaogeuka kwa shida, na dalili anayoonyesha kabla ya kukataa. Mpokeaji akiyasoma hayo, atajua zaidi ya ambayo ratiba ingemwambia.