Vipimo vya kutofautisha aina za kisukari: wanaochagua nani apimwe wana hoja

Vipimo vinavyomtambua mgonjwa wa kisukari havijui aina ya kisukari chake: ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, au ya pili, ambapo insulini ipo lakini haifanyi kazi vizuri au haitoshi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu) ikifika 6.5%, tunajua sukari imepanda. Sababu ya kupanda hatuijui. Kutokana na pengo hilo, wapo wanaotaka kila mtu mzima anayegunduliwa apimwe siku hiyohiyo kingamwili zinazolenga kongosho, kwanza ile ya GAD, inayolenga kimeng'enya chenye jina hilo. Wanaosema wapimwe baadhi tu huonekana wabahili, kana kwamba wanabana matumizi kwa gharama ya afya za watu. Lawama hiyo haiwastahili.

Hoja ya kupima wote ina uzito wake, na inaanzia kwenye takwimu moja inayotajwa sana. Uchambuzi wa vinasaba vya watu wa UK Biobank, hifadhi kubwa ya taarifa za afya huko Uingereza, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba kati ya visa vya aina ya kwanza vilivyojitokeza kabla ya miaka 60, 42% vilianza baada ya miaka 30. Ile kauli ya kwamba aina ya kwanza ni ugonjwa wa watoto imekwisha. Mtu wa miaka 45 anaweza kupewa vidonge kwa kudhaniwa ana aina ya pili, huku kongosho lake likizimika. Akiandikiwa dawa za kundi la SGLT2, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, hatari huongezeka, kwa sababu ketoni (asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta insulini ikikosekana) zinaweza kumjaa mwilini wakati sukari haijapanda sana, na anayetazama glukomita peke yake hataona kitu. Kabla ya hapo, mwaka 1997, utafiti wa UKPDS, utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, uliwafuatilia watu waliohesabiwa kuwa na aina ya pili. Miongoni mwa waliogunduliwa kabla ya miaka 35, 84% ya wenye kingamwili za GAD walihitaji insulini ndani ya miaka sita, dhidi ya 14% ya wasiokuwa nazo.

Lakini isomwe takwimu ya 2018 hadi mwisho. Uchambuzi uleule ulikuta kwamba kati ya watu wote waliogunduliwa kisukari wakiwa na miaka 31 hadi 60, wenye aina ya kwanza walikuwa 4% tu. Namba hizo mbili hazipingani, ila zinajibu maswali tofauti. Ya 42% inauliza wagonjwa wa aina ya kwanza walianza wakiwa na umri gani. Ya 4% inauliza aliyeketi mbele ya daktari leo, ana miaka 50 na sukari imepanda, ana uwezekano gani wa kuwa nayo. Anayeagiza kipimo anahitaji jibu la swali la pili.

Umuhimu wake unaonekana ukipiga hesabu. Maabara huweka mpaka wa GAD kwa kupima watu wenye afya, kisha kukata mahali ambapo 1% yao wanabaki juu ya mstari. Maabara nyingine hukata pa 2.5%. Maana yake, katika kila watu 100 wasio na ugonjwa huu wa kinga, mmoja hadi watatu watapata jibu chanya bila sababu. Sasa chukua watu wazima 1,000 wanene, wasiopungua uzito, wasio na ketoni, na tuseme watano kati yao kweli wana aina ya kwanza. Kipimo kitawanasa wanne. Kwa mpaka wa 1%, kitawanasa pia watu kama kumi ambao hawana. Majibu chanya 14, kumi ya uongo. Kwa mpaka wa 2.5%, ya uongo yanakaribia 25. Geuza kundi: watu 1,000 wembamba, wenye umri chini ya miaka 35, waliofika na ketoni, na tuseme 700 wana aina ya kwanza. Hapo chanya za kweli zinapita 500 na za uongo hazizidi nane. Kipimo ni kilekile na kemikali ni zilezile. Thamani ya jibu imebadilishwa na nani aliyepimwa.

Wale kumi hawabaki kuwa namba kwenye karatasi. Mtu ambaye vidonge vingemtosha anaanzishiwa sindano nne kwa siku, ananenepa, sukari yake inashuka kupita kiasi usiku, na faili lake linabeba jina la ugonjwa asio nao. Kulifuta jina hilo ni kazi ngumu, kwa sababu hakuna daktari anayetaka kuwa yule aliyemwondolea insulini mgonjwa wa aina ya kwanza. Kwa hiyo chanya moja ya kiwango cha chini kwa mtu asiye na dalili isiamuliwe peke yake. Ipimwe kingamwili nyingine, IA-2 au ZnT8. Zikiwa mbili chanya, bahati mbaya ya maabara inakuwa haiwezekani sana. Kingamwili za insulini yenyewe hazifai kwa aliyekwisha kuchoma insulini zaidi ya wiki mbili hivi, maana mwili huzitengeneza dhidi ya dawa.

Jibu hasi nalo lina mtego wake, na huu ni mbaya zaidi. Kati ya watu wazima wenye asili ya Ulaya na aina ya kwanza, 5 hadi 10% hawana kingamwili hata moja. Utafiti wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2025 ulikuta karibu theluthi mbili ya waliohesabiwa kuwa na aina ya kwanza hawana. Anayesoma hasi kuwa ni aina ya pili na kuondoa insulini anaweza kuua mtu.

Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa mashirika ya kisukari ya Marekani na Ulaya, wa 2021, unaanza na mtu kabla ya damu: umri chini ya miaka 35, BMI (uwiano wa uzito na urefu) chini ya 25, kupungua uzito bila kukusudia, ketoasidosisi (damu kujaa asidi ya ketoni), sukari ya zaidi ya 20 mmol/L. Anayetiliwa shaka hupimwa GAD. Ikiwa hasi, IA-2 na ZnT8 hufuata. Wakati majibu yanasubiriwa, mwenye ketoni anachomwa insulini. Jina la ugonjwa linaweza kungoja, insulini haingoji.

Kipimo cha peptaidi C ndicho kinachoharibiwa zaidi na pupa ya kupima mapema. Kongosho likitengeneza molekyuli moja ya insulini, moja ya peptaidi C hutoka nayo, na insulini ya sindano haina kipande hicho, kwa hiyo kipimo hiki kinaonyesha kiasi ambacho mwili bado unatengeneza. Wiki ya kwanza hakisaidii sana. Sukari iliyopanda kwa muda mrefu huzubaisha seli za mwenye aina ya pili, kiwango kikashuka. Mwenye aina ya kwanza anaweza bado kuwa na akiba, kiwango kikapendeza. Ukweli hujitokeza zaidi baada ya miaka mitatu. Chini ya 200 pmol/L huelekeza aina ya kwanza, juu ya 600 aina ya pili. Katikati pana utata, na huko wamo pia wenye kisukari cha jeni moja, yaani kinachotokana na kasoro ya jeni moja tu.

Damu itolewe ndani ya saa tano baada ya kula, kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na sukari ipimwe papo hapo. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, kongosho linakuwa limepumzika na jibu la chini halina maana, lirudiwe. Figo zikishindwa, peptaidi C hujilimbikiza na jibu hupanda kwa uongo. Tena vitazamwe vizio vya kipimo: 0.6 ng/mL ndiyo hiyo 200 pmol/L, na kuchanganya vizio viwili kumewapa watu majina ya magonjwa yasiyo yao.

Kijana asiye na kingamwili, mwenye peptaidi C ya zaidi ya 200, na mzazi mwenye kisukari, apelekwe kupimwa jeni. Mwenye kasoro ya jeni ya HNF1A mara nyingi hutibika kwa kiasi kidogo cha sulfonilurea, vidonge vinavyochochea kongosho kutoa insulini, na mwenye kasoro ya jeni ya GCK kwa kawaida hahitaji dawa kabisa.

Lipo kundi moja ambalo wote wapimwe jeni bila kuchagua: watoto waliogunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita. Katika umri huo aina ya kwanza ni nadra mno na kasoro ya jeni ndiyo jibu la kawaida. Wengi wenye kasoro ya jeni ya KCNJ11 au ABCC8 huachishwa sindano na kupewa vidonge vya sulfonilurea.