Pesa za Chama Zilizo Kwenye Simu Yako

Makanisani kwetu hapa Mombasa, uwakili, yaani kutunza kwa uaminifu mali ya Mungu tuliyokabidhiwa, huhubiriwa zaidi wiki ya ahadi. Tunasomewa Malaki 3, bahasha zinagawiwa, zaka inatolewa, basi. Mimi naona tumeufinya mno. Ukishatoa fungu la kumi, yale tisa yaliyobaki ni ya nani? Zaburi ya 24 haikubakisha kitu: "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA."

Mtihani wenyewe uko katikati ya wiki. Mfikirie mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza sokoni Kongowea. Michango ya wenzake iko M-Pesa, kwenye laini ile ile anayonunulia unga. Jumanne mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Anajiambia, "Nitazirudisha kabla ya Jumapili." Pengine atazirudisha kweli. Lakini mwenye zamu ya kupokea michango alishaagiza vitunguu, na mwenye lori hangoji. Hata zikirudi zote, kwangu mimi uaminifu umevunjika, maana wenye pesa hawakuulizwa.

Wakili wa Luka 16 tunamkumbuka kwa ujanja wake. Tunasahau kwamba alishtakiwa kwa kutapanya mali, akaambiwa: "Toa hesabu ya uwakili wako." Hesabu ndiyo tunayoikwepa. Ukimuomba mweka hazina daftari, ataona umemshuku. Akiwa mzee wa kanisa ndiyo kabisa, nani atathubutu? Na Paulo, alipochangisha kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, hakumtuma Tito peke yake. 2 Wakorintho 8 inataja ndugu walioandamana naye, pasije pakawa na lawama. Ikiwa mtume alitaka mashahidi, kwa nini sisi tuone aibu kuulizwa?

Maji nayo ni vivyo hivyo. Yanatoka mbali, kwenye vyanzo vya Mzima kule Tsavo, Baricho na Marere, na bado kuna mitaa inayonunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Halafu bomba la uani kanisani linavuja wiki nzima, kila mmoja anangoja kamati. Kipira cha bomba hakihitaji kamati. Kinunue, ukifunge.

Kwa vyama vinavyokutana baada ya ibada, ombi langu ni hili: laini ya chama iwe peke yake, na salio lisomwe mbele ya wote kila mkutano, kabla hata chai haijamiminwa, bila kungoja mtu aombe.